Siri za Anga na Hofu ya Watawala: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala hii tulipima uwezekano wa kuwapo viumbe hai katika sayari nyingine, tukaona kwamba maulamaa wa falaki, pamoja na darubini zao zote, hawajapata burhani ya kuwapo viumbe hao wala ya kutokuwapo kwao. Leo nataka tuingie katika mlango wa pili wa maudhui haya, ambao kwa rai yangu unamhusu zaidi raia wa kawaida: serikali zenye nguvu, na hasa ya Marekani, zimezifanyia nini habari za vitu visivyotambulikana vilivyoonekana angani, kwa nini zilizifungia makabatini, na ile sababu itajwayo kila siri hizo zinapojadiliwa, ya kwamba umma hauko tayari kuambiwa, ina mashiko gani. Wako waaminio kwamba serikali ya Marekani imeficha miili ya viumbe wa sayari nyingine na mabaki ya vyombo vyao. Mimi simo miongoni mwao, maana dai zito kama hilo lahitaji ushahidi unaoshikika, na ushahidi huo haujaletwa mbele ya kadamnasi. Lakini wale wawachekao waaminio hao, wakidhani kwamba habari yote ya siri ni njozi ya watu wepesi wa kusadiki, nao wamekosea, kwa kuwa siri ilikuwapo, ilidumu miaka mingi, na iliwekwa kwa makusudi na watu wenye vyeo.

Tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja wa Marekani, Kenneth Arnold, alipokuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa vikimeremeta na kupita kwa kasi ambayo kwa hesabu yake ndege za zama zile zisingaliweza kuifikia, na baada ya siku chache magazeti ya nchi nzima yalikuwa yakiandika habari za visahani virukavyo. Majuma mawili baadaye, tarehe 8 Julai, ofisi ya habari ya kambi ya jeshi la anga huko Roswell, katika jimbo la New Mexico, ilitangaza kwamba jeshi limepata kisahani kimoja kilichoanguka katika shamba la mifugo. Saa chache tu zikapita, na jenerali mmoja huko Fort Worth, Texas, Roger Ramey, akawaonyesha waandishi wa habari vipande vya mpira, vijiti na karatasi zing'aazo, akawaambia kwamba kitu kile hakikuwa ila puto la kupimia hali ya hewa. Habari ikazimika, na kwa muda wa miaka thelathini hivi karibu kila mtu aliisahau.

Ilikuja kubainika mwaka 1994, baada ya mbunge mmoja wa New Mexico, Steven Schiff, kudai maelezo, kwamba vipande vile kwa yamkini kubwa vilikuwa mabaki ya mradi wa siri ulioitwa Mogul, yaani mikururo ya maputo yaliyobebeshwa vyombo vya kusikilizia na kupandishwa juu sana angani ili yanase mvumo wa bomu la atomiki, iwapo Warusi wangelijaribu la kwao. Basi jenerali yule alisema neno lililokuwa na nusu ya ukweli, kwa kuwa puto lilikuwa puto kweli, lakini hali ya hewa haikuwa shughuli yake. Ukimhukumu kwa vita baridi vilivyokuwa vikianza utamwona ana udhuru, maana lau angalieleza habari ya Mogul angaliwapa Warusi siri ya jeshi lake. Ila lazima tuutazame pia uzito wa miaka 47 iliyopita kabla ya jeshi kusema lililo sahihi, kwani katika muda huo kizazi kizima kilikua kikijua jambo moja tu, ya kuwa serikali ilitoa kauli mbili zinazopingana katika siku moja. Wenye kuuza vitabu vya uzushi hawakuhitaji kubuni mwanzo wa hadithi yao, kwa sababu serikali ilikwisha waandikia.

Mwaka 1952 mambo yalikuwa makubwa zaidi. Katika miisho ya majuma mawili yaliyofuatana ya mwezi wa Julai, rada za uwanja wa ndege wa jiji la Washington, makao makuu ya nchi, ziliona vitu ambavyo hakuna aliyeweza kuvitambua, na ndege za kivita zikapelekwa kuvifuata. Tarehe 29 ya mwezi huo Meja Jenerali John Samford aliita waandishi, akaeleza kwamba yawezekana tabaka za hewa ya moto na ya baridi ndizo zilizopotosha mawimbi ya rada. Maelezo hayo yana msingi katika elimu ya maumbile, wala sioni haki kuyaita hadaa. Lakini simu na barua za wananchi zilikwisha furika katika ofisi za jeshi, na furiko hilo ndilo lililowatia wasiwasi wakuu wa ujasusi kuliko vitu vyenyewe.

Hapa naomba msomaji aende nami taratibu, kwa sababu yaliyotendeka Januari 1953 ndiyo mzizi wa mambo yaliyofuata. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliita jopo la maulamaa chini ya H. P. Robertson, mwanafizikia wa chuo cha Caltech, na ndani yake alikuwamo Luis Alvarez, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel. Walikaa siku chache, wakapitia baadhi ya taarifa, wakatazama filamu mbili tatu, wakahitimisha kwamba hawakuona dalili ya kuwa vitu hivyo vyatishia usalama wa nchi, wala ithibati ya kuwa vyatoka nje ya dunia. Laiti wangaliishia hapo na kuutangaza uamuzi wao waziwazi, nadhani mjadala ungalichukua njia nyingine kabisa. Wao walikwenda mbele, wakasema hatari iliyopo imo katika taarifa zenyewe: kwamba wingi wake waweza kuziba njia za mawasiliano siku adui atakaposhambulia, na kwamba adui aweza kuitumia shauku ya watu kuwatia kiwewe. Kwa hiyo walipendekeza mpango wa kuwaelimisha watu kwa njia ya televisheni, filamu na magazeti, hata kampuni ya Walt Disney ikatajwa, kusudi visahani vipokonywe haiba yake mbele ya umma. Wakapendekeza pia kwamba vyama vya raia vinavyochunguza mambo haya viangaliwe kwa jicho la hadhari. Na pendekezo hilo, lenye kuhusu fikra za raia wa nchi huru, likawekwa muhuri wa siri.

Mtu aliyeona kitu asichokijua akaenda kutoa taarifa kwa nia njema alikuta mbele yake taasisi iliyokwisha azimia kumtuliza kabla ya kumsikiliza. Marubani wa kijeshi na wa abiria walijifunza upesi kwamba anayesema ameona kitu cha ajabu huonekana mwenye kasoro ya akili, na kasoro ya akili kwa rubani ni mwisho wa kazi. Athari hiyo haikufutika. Taarifa ya serikali ya Marekani ya mwaka 2021, nitakayoitaja mbele, ilikiri yenyewe kwamba aibu ya kudharauliwa imewazuia wengi kusema waliyoyaona, na kwamba uchunguzi umepungukiwa kwa ajili hiyo. Yaani serikali iliyoogopa kushambuliwa kutoka angani iliwafunga mdomo watu wake wenye macho mazuri kupita wote.

Kuanzia Agosti 1955 ndege ya ujasusi ya U-2 ilianza kujaribiwa katika jangwa la Nevada, ikiruka juu ya futi 60,000, wakati ambapo ndege za abiria hazikufika hata nusu ya kimo hicho. Magharibi inapoingia, ardhi ikiwa imekwisha funikwa na giza, ndege ile iliyokuwa bado haijapakwa rangi nyeusi ilikuwa ingali katika mwanga wa jua, ikiwaka kama moto mbele ya macho ya marubani waliokuwa chini yake sana. Taarifa zao zilifika katika ofisi ya jeshi la anga iliyopewa kazi ya kuchunguza mambo hayo, iliyojulikana kwa jina la Blue Book, na maofisa wake wakazilinganisha kwa siri na ratiba za safari za U-2. Walipokuta zinalingana waliujua ukweli, lakini hawakuweza kumwambia aliyeuliza, hivyo wakamwandikia habari za chembe za barafu na mabadiliko ya joto la hewa. Gerald Haines, aliyekuwa mwanahistoria wa serikali katika idara za ujasusi, aliandika mwaka 1997 kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za miishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na safari za ndege za ujasusi. Wako wanaoitilia shaka hesabu yake, lakini asili ya jambo haina ubishi: rubani mwaminifu alieleza sawasawa alichokiona, na serikali iliyojua kuwa amesema kweli ikamjibu kwamba amekosea.

Blue Book ilifungwa Desemba 1969, baada ya kamati ya Chuo Kikuu cha Colorado chini ya Edward Condon kusema kwamba hakuna faida ya kielimu katika kuendelea. Taarifa zilizokusanywa zilikuwa 12,618, na katika hizo 701 zilibaki bila kuelezwa. Kutokuelezwa si dalili ya ugeni wa mbali, na msomaji ajihadhari na anayezitumia taarifa hizo 701 kana kwamba ni majina ya wageni waliokwisha wasili. Nyingi katika hizo huenda zilikosa maelezo ya kutosha tu.

Sasa tuiangalie ile hoja ya utayari wa watu. Ushahidi unaotangulizwa daima ni wa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alipotangaza katika redio ya CBS mchezo wa uvamizi wa watu wa sayari ya Mirihi, na ikasemekana kwamba Marekani nzima ilipatwa na taharuki. Wanazuoni walioichunguza habari ile baadaye wameona kwamba taharuki ilikuzwa mno na magazeti, yaliyokuwa yakishindana na redio kwa wasomaji na matangazo ya biashara, na kwamba waliokuwa wakiusikiliza mchezo wenyewe hawakuwa wengi. Kisa kilicho kizito kweli, ambacho kwetu hakitajwi sana, kilitokea Quito, mji mkuu wa Ecuador, Februari 1949. Redio ya mji huo ilitangaza mchezo ule ule kwa lugha ya Kispania bila ya kuwatahadharisha wasikilizaji, na watu wakatoka majumbani, wengine wakakimbilia makanisani. Jambo la kuzingatiwa ni lini hasa maafa yalitokea. Watu walipokuwa wakisadiki kwamba Mirihi imeshuka juu yao walilia, walisali na walitafuta jamaa zao. Walipotangaziwa kwamba ni mchezo, na kwamba wametiwa hofu kwa makusudi, hapo ndipo walipolizingira jengo la gazeti la El Comercio, ambamo redio ile ilikuwamo, wakalitia moto, na watu kadhaa wakapoteza maisha yao. Kama kisa hiki kina fundisho kwa watawala, basi kinasema kinyume cha wanavyodai wao, kwa sababu umati wa Quito haukuchoma nyumba ya mtu kwa kuambiwa habari za viumbe wa mbali, ulichoma kwa kughilibiwa.

Maandishi mengine yanukuliwayo sana ni ripoti ya taasisi ya Brookings, iliyotayarishwa kwa ajili ya NASA na kupelekwa katika Bunge la Marekani mwaka 1961, mwandishi wake mkuu akiwa Donald Michael. Ripoti hiyo ndefu, ambayo kwa sehemu kubwa yashughulika na mambo mengine kabisa, ilikumbusha katika kurasa chache kwamba ziko jamii zilizojiamini ambazo zilisambaratika zilipokutana na jamii ngeni zenye nguvu zaidi, ikapendekeza uchunguzi ufanywe, pamoja na swali la lini habari za namna hiyo zitolewe na lini zizuiwe. Wengi huitaja kama amri ya kuficha. Aliyeisoma ataona ni pendekezo la utafiti. Ila mfano wake wa jamii zilizosambaratika unatugusa sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa tuna historia ya kuujibu.

Pwani hii haikupata kuwa ngeni kwa wageni. Karne nyingi kabla ya Wareno, Kilwa ilifanya biashara na Bara Hindi na Uajemi, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa katika baraza la mfalme wa Uchina. Watu waliojua kwamba ng'ambo ya bahari mna mataifa yenye lugha, dini na sura nyingine hawakutiwa wazimu na ujuzi huo. Uliwatajirisha, na ukaingia katika majengo yao, mavazi yao na mashairi yao. Kilichoivunja Kilwa na kuiunguza Mombasa mwaka 1505 kilikuwa mizinga ya Francisco de Almeida. Hawakuangamia kwa sababu waliambiwa kuwa Wareno wapo. Na lau wangaliambiwa mapema zaidi, na kwa ukamilifu zaidi, wasingalipungukiwa na kitu. Basi anayetumia maangamizi ya wanyonge wa zamani kuwa ni hoja ya kuwaficha watu habari amechanganya mambo mawili, habari ya mgeni na silaha ya mgeni, na mchanganyiko huo haumnufaishi ila yule anayetaka kubaki na habari peke yake.

Husemwa pia kwamba dini zitaporomoka. Hili nalipita kwa haraka, maana wanaolisema aghalabu hawajawauliza wenye dini. Mwislamu humsifu Mola wake kila siku katika sala kwa sifa ya kuwa Mola wa walimwengu wote, na Fakhruddin ar-Razi, mfasiri mkubwa aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, alikwisha jadili kwamba uweza wa Mwenyezi Mungu haushindwi kuumba walimwengu maelfu kwa maelfu zaidi ya huu. Kwa upande wa Wakatoliki, padri José Gabriel Funes, alipokuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Vatican, alisema mwaka 2008 kwamba kuamini uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani.

Na jaribio halisi la utayari wa watu lilikwisha fanyika. Tarehe 7 Agosti 1996 wanasayansi wa NASA walitangaza kwamba ndani ya jiwe la Mirihi lililookotwa Antaktika wameona alama zilizofanana na mabaki ya vijidudu vya kale, na Rais Clinton mwenyewe akazungumza mbele ya ulimwengu. Dai lile lingali likibishaniwa, na wengi hawalikubali. Lakini siku ile watu walilisikia, wakalijadili, wakaenda kazini kesho yake. Michael Varnum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona State waliyapima maneno yaliyoandikwa wakati ule na katika matukio mengine ya jinsi hiyo, wakachapisha mwaka 2018 kwamba maneno ya furaha na matumaini yalizidi ya hofu.

Sisemi kwamba kila jambo litangazwe dakika lionekanapo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alinasa mdundo wa mawimbi uliojirudia kila baada ya sekunde moja na theluthi, na kwa muda mfupi yeye na walimu wake hawakuweza kuondoa moja kwa moja dhana ya kuwa watokana na viumbe wenye akili. Walisubiri, wakapima, yeye mwenyewe akapata mdundo wa pili kutoka upande mwingine wa mbingu, wakajua kwamba ni aina ya nyota isiyopata kujulikana, na Februari 1968 wakachapisha kila kitu. Subira ile ilikuwa ya mtu anayehakikisha kabla ya kunena, nayo ilikuwa na mwisho unaojulikana. Siri ya jopo la Robertson haikuwekewa mwisho.

Miaka ya karibuni Marekani imeanza kufungua makabati, na tunashuhudia gharama ya kuchelewa. Desemba 2017 gazeti la New York Times lilifichua kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa na mradi wa uchunguzi uliotengewa dola milioni 22. Aprili 2020 wizara ilitoa rasmi filamu tatu zilizochukuliwa na marubani wa jeshi la majini. Juni 2021 ikatoka taarifa ya matukio 144, ambayo moja tu kati yake lilipatiwa maelezo ya hakika, nalo lilikuwa puto kubwa linalopungua hewa. Julai 2023 ofisa wa zamani wa ujasusi, David Grusch, alikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge, akasema ameambiwa kwamba serikali inavyo vyombo visivyotengenezwa na binadamu. Na Machi 2024 ofisi maalumu ya wizara hiyo ikajibu kwamba, baada ya kuzipitia kumbukumbu tangu 1945, haikupata ushahidi wowote wa jambo hilo. Kwa rai yangu jawabu hilo huenda ni sahihi. Msiba ni kwamba mamilioni hawakulisadiki, wala huwezi kuwalaumu kwa wepesi, maana sauti inayosema leo ni ile ile iliyosema mwaka 1947.

Ufaransa ilikwenda njia tofauti. Tangu 1977 shirika lake la anga, lililo la kiraia, lina ofisi huko Toulouse inayopokea na kuchunguza taarifa hizi, na mwaka 2007 lilianza kuweka majalada yake hadharani kwenye intaneti, yaliyoelezeka na yasiyoelezeka pamoja, wala sijasikia kwamba Wafaransa walipatwa na fadhaa. Na karibu zaidi nasi, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lililinda mahali pale, na katika siku chache likawaambia wananchi kwamba kwa uchunguzi wa awali ni kipande cha roketi, na kwamba mwenyewe bado anatafutwa. Kusema "tumejua hili, na lile bado hatujalijua" kuliwatosha watu wa Makueni, na nashindwa kuona kwa nini kusingalitosha kwa watu wa Washington.

Nchi ndogo nazo zina neno katika jambo hili. Ilikuwa Grenada, kisiwa kidogo cha Karibi, iliyolifikisha mbele ya Umoja wa Mataifa chini ya waziri mkuu wake Eric Gairy, na Desemba 1978 Baraza Kuu likaziomba nchi zenye nia zichunguze mambo haya na kumpa Katibu Mkuu habari zake. Machi 1979 Gairy alipinduliwa akiwa ughaibuni, na shauri likalala. Sasa Afrika inalo Shirika lake la Anga, lililofunguliwa Cairo Aprili 2025, na Kenya, Tanzania na jirani zao wangefanya vyema kulitaka shirika hilo liandike mapema, kabla ya haja kufika, ni nani atakayetangaza, kwa muda gani baada ya kuhakikisha, na kwa lugha zipi, Kiswahili kikiwamo. Kielelezo cha kuanzia kipo: ni kanuni zilizotungwa na wanafalaki mwaka 1989 juu ya siku itakaponaswa ishara kutoka kwa viumbe wenye akili, nazo zasema habari itangazwe waziwazi na jawabu lisipelekwe kabla ya mataifa kushauriana, ingawa hakuna dola inayofungwa nazo. Kanuni hizo, kifungu kwa kifungu, ndizo zitakazokuwa maudhui ya sehemu ya tatu.